Mifereji Kwenye Waya

Nina miaka hamsini na kitu, nina shahada mbili, na magoti yangu bado hulegea nikisikia gambuti zikikanyaga kokoto. Mke wangu anajua. Mvua ikinyesha huku Embu mjini, na soja, mlinzi wa ploti, akaanza kuzunguka na viatu vyake vya mpira, mimi huacha kutafuna. "Ni soja tu," husema mke wangu. Najua ni soja. Lakini mwili wangu haukuenda chuo kikuu.

Gambuti zilizonitia woga huo zilikuwa za mtu tuliyemwita Mzee wa Laini. Laini ni bomba la maji linaloshuka kutoka msituni, kule juu mashamba ya chai yanakoishia, likafuata mgongo wa kilima hadi kwetu kwenye kahawa na migomba. Wanachama wa mradi wa maji wenyewe walichimba mtaro wake kwa majembe, kisha kamati ikamwajiri yeye aulinde. Kila siku aliitembea laini yote, spana begani kama bunduki, funguo zikilia kiunoni. Yeye ndiye aliyefungua na kufunga valvu: leo upande huu, kesho upande ule. Jumapili hakuna aliyefunguliwa. Jumapili tangi lilijazwa kwa ajili ya shule na dispensari, ambako wanawake wetu huzalia.

Nadhani alikuwa na jina. Lazima liliandikwa kwenye kitambulisho chake. Sikuwahi kumsikia mtu akilitumia.

Alikuwa askari jela kabla ya kuja kwetu, na alikuja na Kiswahili cha jela. Sisi nyumbani tunasema Kiembu. Kiswahili ni cha shuleni, sokoni na kwa wageni. Yeye alikielewa Kiembu vizuri sana, lakini alikataa kukizungumza akiwa kazini. Ungemsalimia kwa lugha ya mama, naye angekujibu, "Wewe! Simama hapo! Hiyo ndoo ni ya nani?" Hata kama ulikuwa umesimama tayari, na ndoo ilikuwa mkononi mwako. Nimewaona wazee wenye wajukuu wakijipapasa mifukoni, wakitafuta kosa.

Mimi aliniita Profesa. Sikuwa profesa na sitakuwa. Niliandika makala magazetini na kufundisha chuo fulani kidogo. Siku niliyojaribu kumrekebisha alinitazama kuanzia viatuni hadi kwenye miwani, akasema, "Sawa, Profesa," nikamshukuru.

Hakunywa chai katika nyumba yoyote. Hilo lilijulikana kote. Ungemkuta jua kali, jasho limemlowesha shati, ukamwambia karibu chai, angejibu, "Chai ni maji. Mimi nalinda maji," kisha angeendelea na safari. Mchungaji alijaribu, chifu alijaribu. Mchungaji ndiye aliyefungiwa mfereji, yaani koki ya maji ya nyumbani, wiki ileile, kwa kuuacha ukidondoka.

Alipokuwa na hamu ya kuzungumza, jambo ambalo halikutokea mara nyingi, alitaja Kiambere. Alikuwa ameishi huko, karibu na lile bwawa la umeme. "Kiambere tuliangalia maji kila siku," alisema. "Bwawa yote, hivi, mpaka macho inachoka. Kunywa? Tulichimba mchanga kutafuta." Nadhani hiyo ndiyo sababu alioga kwa kopo moja, akijivunia, na sababu hakuweza kupita mfereji unaodondoka bila kuukaza, hata ukiwa wa hospitali, hata akiwa mgeni.

Lakini mtu huyu aliyetisha vijiji vitatu aliogopa bata mzinga. Mchungaji alikuwa na mmoja, dume, mwenye shingo nyekundu na roho mbaya, na Mzee wa Laini alikuwa akizunguka shamba zima la kahawa ili asikutane naye. Tulimwona. Hakuna aliyecheka hadi gambuti ziwe mbali kabisa.

Na palipokuwa na msiba, kabla hata jamaa hawajamaliza kupigiana simu, ungekuta maji yamekwisha kufunguliwa kwenye boma hilo. Hakuitwa na hakuomba kamati. Alisimama kando ya mfereji siku nzima hadi sufuria ya mwisho ioshwe, asimpe mtu mkono, asiseme pole. Jioni aliufunga na kuwagombeza wafiwa kwa kumwaga maji ovyo. Baba yangu alipofariki alitugombeza hivyo hivyo. Niliona ni ukatili, na makala niliyotunga kichwani usiku huo ilikuwa kali sana. Sikuiandika. Niliogopa angeisoma.

Sasa nieleze habari ya waya.

Mama yangu alifundisha darasa la tatu maisha yake yote, na hadi leo kijiji kizima humwita Mwalimu. Aliamini kwamba aibu ni kama chaki: ukiitumia vizuri, mtoto anaelewa. Wakati wizi wa maji ulipozidi, kamati iliitisha mkutano tangini, watu wakapendekeza faini. Mama akasimama.

"Faini mtu atatoa na asahau," alisema. "Ng'oeni mfereji wake, muutundike hapa kwenye waya ya ua wa tangi, juu ya njia. Kanisa lote lipite likiuona."

Watu walipiga makofi. Ikawa sheria. Mfereji wako ungekaa kwenye waya hadi uchimbe kipande chako cha mtaro mpya wa kwenda upande wa juu, na wakati huo nyumba yako ingeteka maji mtoni, bondeni, ukipanda nayo mgongoni mbele ya macho ya watu. Kwa kuwa njia ya kanisa inapita pale tangini, na kwa kuwa kila mtu alijua mfereji wa jirani yake, huu una kitambaa chekundu, ule umefungwa kwa raba, hapakuhitajika kuandikwa jina. Wetu ulikuwa na mkono wa buluu. Mama aliupaka kwa rangi iliyobaki darasani.

Aliyetundika alikuwa Mzee wa Laini. Alifanya kama alivyofanya kila kitu, bila kupepesa macho. Kulikuwa na mke mmoja kijana ambaye mume wake alifungua maji kumwagilia nyanya. Mume alienda kazini Meru kama kawaida. Mke ndiye aliyebaki kupita chini ya waya. Akaacha kuja kanisani. Kisha akaacha kwenda sokoni. Kisha tukasikia amerudi kwa wazazi wake. Mama alisema ni huzuni, lakini sheria ni sheria. Nakumbuka alikuwa akikoroga uji, na hakuinua uso.

Halafu ukaja ukame.

Mama alikuwa na kitalu cha miche ya avokado, aliyoipandikiza mwenyewe kwa kisu na nailoni, na alikuwa ameahidi kila mama wa chama cha kanisa mche wake. Miche ikaanza kujikunja. Siku yetu ya maji ilikuwa mbali, na ikifika mfereji ulikohoa tu. Nilikuwa nimekuja nyumbani wikendi hiyo. Jumamosi nilimwona akisimama juu ya miche ile kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mgonjwa. Jumapili asubuhi alituma salamu kanisani kwamba ana homa. Watu walipokwisha kupita, aliingia chumbani na kutoka na ufunguo.

Niliutambua. Valvu ya upande wetu imejengewa kisanduku cha saruji kwenye kona ya shamba letu, kina kifuniko na kufuli. Mama aliwahi kuwa katibu wa kamati. Ufunguo wa akiba hakuwahi kuurudisha.

"Mama," nilisema, "leo ni Jumapili."

"Unafikiri sijui?"

"Maji ni ya dispensari."

"Dakika chache tu. Wewe simama hapo, shika mpira wa maji, na usikilize njia."

Basi hilo ndilo pendekezo lililowekwa mbele ya msomi, naye msomi akashika mpira. Sina cha kujitetea, ila tu kwamba hujakutana na mama yangu. Nilimwagilia mstari wa kwanza huku maji yakiandika nyoka mchangani. Masikio yangu yote yalikuwa njiani. Nilikuwa na uhakika mmoja duniani: kwamba Mzee wa Laini asingeweza kunijia bila mimi kumsikia. Nilizijua gambuti zile kuliko nilivyojua sauti ya moyo wangu.

Jumapili hakuvaa gambuti. Hilo hatukulijua, kwa sababu kanisani aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, na nani angegeuka kumtazama miguu?

"Mwalimu."

Sauti ilitoka kwenye migomba. Alikuwa amevaa viatu vya kahawia vilivyong'aa, vyenye soli laini, na tai. Baadaye nilipata kujua kwamba alitoka nje kunawa mikono kwenye mfereji wa kanisa, unaotoka kwenye bomba la tangi, akaona maji yamekonda, akaacha ibada na kuifuata laini. Wakati ule sikujiuliza. Nilichofikiri ni kwamba nitajikojolea, mtu mzima, mbele ya mama yangu.

"Hiyo maji inatoka wapi?" aliuliza.

  Uso wa mama ulikuwa na rangi ya majivu, na nilijua anaona nini: mkono wa buluu kwenye waya, na kanisa lote likipita chini yake, wanafunzi wake wa zamani, wajukuu wa wanafunzi wake.

"Kwa laini," alisema hatimaye.

"Leo ni siku gani?"

"Jumapili."

"Na wewe ni mgonjwa."

"Ndiyo." Kisha: "Hapana."

"Mzee," nikaingilia, kwa sauti ambayo sikuitambua, "kosa ni—"

"Wewe nyamaza, Profesa. Sijafika kwako."

Alinijia. Akaninyang'anya mpira, nami nikafunga macho, maana niliamini kwa dhati kwamba atanichapa nao. Sikusikia kitu isipokuwa maji. Nilipofungua macho alikuwa ameinama, tai ameirusha begani isilowe, anamwagilia mstari wa mwisho. Alikwenda mche kwa mche, polepole. Alipomaliza alinirudishia mpira, akaenda akafunga valvu, akanyoosha kiganja mbele ya mama bila kumtazama. Mama akaweka ufunguo juu yake. Mzee akauvisha kwenye pete ya funguo zake.

Kutoka upande wa kanisa tulisikia sauti. Watu walikuwa wametoka. Kisanduku kilikuwa wazi, udongo umelowa hadi njiani, na mimi nilikuwa bado nimeshika mpira.

"Mwalimu, uko na chai?"

Mama alimtazama kama ambaye hajaelewa lugha.

"Chai! Haraka!"

Kundi la kwanza lilipotokea kwenye kona, mwenyekiti wa kamati akiwa mbele na Biblia kwapani, walimkuta Mzee wa Laini amekaa kwenye kiti chetu, kando ya njia kabisa, kikombe mkononi. Walisimama wote. Nadhani wangeshangaa zaidi kidogo tu kama wangemkuta anaruka angani.

"Mzee! Leo unakunywa chai?"

"Nakunywa."

"Na hii maji?"

"Nimefungua mimi. Laini ilikuwa na matope, nimeitoa. Mwalimu anaumwa, nimeambia kijana yake ashike mpira." Akanigeukia. "Na hajui kushika."

"Siku ya Jumapili?" Mwenyekiti alikuwa ameacha kutabasamu. "Nani amekuruhusu?"

"Mimi."

"Na tangi?"

"Nitajibu."

Na alijibu. Tangi halikujaa, na Jumatatu maji ya dispensari yaliisha kabla ya adhuhuri. Nesi akaanza kutuma watu na mitungi. Mkutano uliitishwa. Mwenyekiti alisema sheria ni ya wote, na mlinzi akiachiwa, nani atashikwa? Katikati ya maneno hayo mama yangu alisimama. Nilimwona akivuta pumzi. Mzee wa Laini aligeuza shingo na kumtazama.

"Mwalimu," alisema. "Kaa."

Na mama, ambaye alikuwa ameiambia nusu ya mkutano ule "kaa" walipokuwa na umri wa miaka tisa, akakaa.

Wakautundika mfereji wa Mzee wa Laini. Ulikuwa mdogo, wa zamani, unang'aa kwa kukazwa. Hawakumfukuza kazi, maana hakuna mwingine aliyeitaka, lakini neno lilitembea kuliko yeye: kwamba mlinzi wa maji ana bei, na bei yake ni kikombe cha chai ya Mwalimu. Vijana wa bodaboda wakaanza kumpigia kelele akipita, "Mzee, chai iko!" Gambuti zilipita vilevile. Jioni tulimwona akipanda kutoka mtoni, mtungi mgongoni.

Nilidhani mama angepoa, kwa kuwa alikuwa ameponea. Badala yake woga ulihamia ndani kabisa. Alianza kwenda kanisani kwa njia ya chini, ya mbali, asipite tangini. Miche ilichipua majani mapya, na hakutaka kuitazama. Nilipokuja wikendi iliyofuata nilimkuta ameketi jikoni na spana ya marehemu baba mapajani.

"Nitapanda nawe hadi tangini," nilisema.

Ibada ilipoisha tuliwatangulia watu. Mama alikuwa na sare yake ya chama, kitambaa cheupe kichwani. Kwenye mkoba wa Biblia alitoa mfereji wenye mkono wa buluu, akaufunga kwenye waya kando ya ule mdogo. Mimi nilimshikia. Tulipogeuka, kanisa lilikuwa limesimama pale njiani. Na nyuma yao, kwenye viatu vya kahawia, alikuwepo yeye.

"Mwalimu, ni nini hii?" mwenyekiti aliuliza.

"Niliiba maji."



"Lini?"

Mama alimtafuta kwa macho Mzee wa Laini. Nami nikamtazama, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona usoni mwake hata mbele ya yule bata mzinga. Aliogopa. Alikuwa akitikisa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza inzi.

"Siku nyingine," alisema mama. "Si ile. Mzee hakuniona."

Kinywa cha Mzee wa Laini kilifunguka. Hakuona? Yeye? Mtu mmoja akacheka, "Eh, mzee, siku hizi cucu, mabibi wazee, wanakupita?" na wengine wakacheka naye. Nilitazama maneno yakimpanda kooni na yeye akiyameza, moja moja. Nadhani kicheko kile kilimuuma kuliko waya.

Kesho yake, asubuhi, nikiwa bado kitandani, nilisikia gambuti kwenye kokoto. Alikuja na kizibo cha bomba, akakikaza pale mfereji ulipokuwa. Mama alimkaribisha chai. Aliikataa, kwa sauti iliyofika hadi njia kuu.

Mtaro wa mama niliuchimba mimi. Wa kwake aliuchimba mwenyewe. Kamati, bila kufikiri au kwa kufikiri sana, ilitupa vipande vinavyofuatana, kwa hiyo Jumamosi moja nilijikuta na sululu katika mikono iliyozoea kalamu, na yeye hatua chache kutoka kwangu, hadi kiunoni ndani ya ardhi. Ndiyo mara ya mwisho niliyokaa naye. Muda mfupi baadaye magoti yake yalimkataza laini, akaenda kwa binti yake upande wa Siakago. Siku hizi tuna mita, na kijana wa pikipiki anayezisoma. Hakuna anayemwogopa, na mifereji inadondoka.

Tulichimba hadi malengelenge yangu yalipopasuka. Woga ulikuwa umenikaa mgongoni, lakini nilijua sitapata nafasi nyingine.

"Mzee, kwa nini?"

"Kwa nini nini?"

"Ile Jumapili."

Alichimba kidogo. "Yule msichana wa nyanya," alisema, kwa Kiembu. Nilishtuka, ilikuwa mara ya kwanza kukisikia kinywani mwake. "Mimi ndiye nilitundika mfereji wake. Wewe umemwona tena?"

"Hapana."

"Wala mimi." Akatema mate viganjani. "Kuangaliwa vibaya nimezoea. Jela waliniangalia vibaya, hapa mnaniangalia vibaya, na mimi nalala vizuri. Mama yako angelala?"

Nikasema la kijinga. "Watu wangejua, wangekupenda."

Sululu yake ilisimama hewani. "Usithubutu," alisema. "Wakinipenda, nani atafunga mfereji?"

Mama alikuwa amenipa chupa ya chai na vikombe viwili. Nilimimina cha pili bila kumuuliza, nikakiweka juu ya ukingo wa udongo, katikati yetu. Alikitazama. Akatazama njia upande wa juu, akatazama upande wa chini. Kisha akachuchumaa ndani ya mtaro, hata kofia isionekane, akainywa yote kwa mkupuo, ikiwa moto vile vile, akafuta mdomo kwa mkono wa shati na kunirudishia kikombe.

Akina mama wa kanisa walikuwa wakija kutoka kwenye kona, kila mmoja amebeba mche wa avokado. Akawaona kabla yangu. Alisimama wima.

"Wewe! Profesa! Hapa ni chuo? Chimba! Mwizi wa maji!"

Nilijua ni maonyesho. Nilijua yote. Magoti yangu yalilegea vilevile, kikombe kikaniponyoka, na nikachimba.